Mahitaji: Hakuna

Picha ya rais mpya ilifika Jumatatu asubuhi ndani ya kasha la mbao, imezungushiwa plastiki ya mapovu tabaka tatu, na mtu wa kampuni ya vifurushi akataka nitie sahihi mara mbili kwa sababu mzigo ulikuwa umekatiwa bima. Nikatia. Halafu nikapekua kasha lote, nikang'oa hadi ubao wa chini, nikitafuta utepe. Hapakuwa na utepe. Palikuwa na misumari minne na barua ya kueleza picha itundikwe kimo gani kutoka sakafuni.

Utepe huo ni wa mashine ya kuchapia hati. Bila utepe, mashine ile ni debe tupu. Ofisi yetu, konsulati ndogo ya nchi ndogo katika mji wa viwanda vya kuku hapa Carolina, ilikuwa imemaliza wiki tano bila utepe. Nilikuwa nimeandika barua nne wizarani. Ya kwanza niliiandika kwa adabu, ya pili kwa adabu, ya tatu kwa adabu ya kujilazimisha, na ya nne Don Anselmo aliichana kabla sijaituma.

Don Anselmo Paguaga ndiye konsuli. Mimi ni Nohemí, karani wa dirishani, na mwaka huu natimiza miaka kumi na minne nikiangalia watu wangu kupitia kioo. Nina hasira za karibu, najua, mama yangu aliniambia hivyo tangu nikiwa mdogo. Lakini wiki ile hata mtu mpole angeng'ata meza.

Nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye vipande vya mbao Doña Eulalia alipoingia. Alikuwa amevaa sare yake ya kusafishia vyumba vya hoteli, na alikuwa anahema.

"Nimeliona gari la vifurushi kutoka kituo cha basi," alisema. "Nimekimbia. Ule utepe umefika, mwanangu?"

"Haujafika, Doña Eulalia."

"Na hicho nini?"

"Rais."

Aliitazama picha ile, ana kwa ana na mzee mmoja anayetabasamu kwenye fremu ya dhahabu, kisha akakaa kwenye kiti cha karibu. Hakulia. Kulia alishamaliza. Hiyo ilikuwa mara yake ya tisa kuja.

Mwanawe, Selvin, miaka ishirini na sita, fundi wa mapaa, alianguka kutoka ghorofa ya tatu na kufa palepale. Mafundi wenzake walichanga jeneza na nauli ya ndege siku ya pili tu. Padri wa kijijini kwao alishachimbisha kaburi kando ya baba yake. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa hati moja ya kusafirishia maiti, na hati hiyo hutolewa na konsulati ya jimbo alilofia mtu, wala si nyingine, na wizara inataka ichapwe kwa mashine ile, wala si nyingine. Mochwari ya kaunti hukaa na maiti siku thelathini. Baada ya hapo huichoma. Siku thelathini za Selvin zilikuwa zinaisha Ijumaa saa sita mchana.

"Watanipa jivu," Doña Eulalia alisema. "Kwenye kopo. Nikamzike kopo karibu na baba yake?"

"Hawatamchoma."

"Unaniahidi, Nohemí?"

Nikamwahidi. Sikuwa na chochote mkononi cha kuahidia, ila nilimwahidi, kwa sababu yule mzee wa fremu ya dhahabu alikuwa anatutazama na nilitamani kumtupa barabarani.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunaishi, maana msipolijua hilo mtadhani wakosaji ni watu wa wizarani peke yao.

Ada zote tunazopokea dirishani huenda benki siku hiyohiyo, kwenye akaunti ya hazina kule mji mkuu. Haturuhusiwi kununulia hata kalamu. Gharama za ofisi zina fungu lake, na fungu hilo lilikuwa linakuja likichelewa, kisha likaja nusu, kisha likawa linakuja kwa maneno tu. Tukaanza kuomba. Si rasmi, hapana! Nilikuwa namwambia mtu dirishani, "Ukija kuchukua hati yako, niletee rimu ya karatasi." Akaleta. Don Fausto, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, alituletea viti kumi na viwili alipobadilisha vya kwake. Meza zote mbili zilitoka kanisani kwa Pasta Obdulio. Doña Reina, muuza tamale, ile mikate ya mahindi ya kufungwa majani, alileta mashine ya kahawa na vikombe, akasema hawezi kuona watu wake wakisubiri koo kavu. Feni, taa, pazia, simu, hadi zulia la mlangoni, kila kimoja kina mwenyewe na naweza kukutajia jina. Kipupwe kilichopita paa lilivuja juu ya kabati la mafaili, Pasta akatuma vijana, wakalitengeneza kwa Jumapili mbili wakati mimi niko nyumbani nimelala. Utepe ndicho kitu pekee tulichoshindwa kujinunulia, kwa sababu huuzwa na kampuni moja tu, na kampuni hiyo huiuzia wizara tu.

Na kila mwisho wa mwezi tulijaza fomu. Fomu ina kichwa kimoja, "Mahitaji," na mistari kumi chini yake. Mwezi wa kwanza wa Don Anselmo nilimuuliza niandike nini.

"Andika hakuna," akaniambia.

"Hakuna? Hatuna hata balbu ya chooni!"

"Nohemí, sikiliza. Mtangulizi wangu aliandika mistari kumi, akajaza na nyuma ya karatasi. Unajua yuko wapi? Yuko ghala la fomu, anahesabu katoni. Walisema ameshindwa kumudu kituo. Kwetu mtu anayelalamika ndiye mwenye kasoro. Andika hakuna."

Nikaandika hakuna. Miezi mingi, miaka. Na nisijitie utakatifu, nilikuwa naona fahari pia. Konsulati nyingine walikuwa wanapiga simu kulialia, sisi tunao viti, tunayo kahawa, tunalo zulia. Nilikuwa nafagia pale kama kwangu. Watu wetu tuna ugonjwa huo: mgeni akibisha hodi tunakopa kuku kwa jirani ili asijue hatujala.

Alhamisi mkaguzi akaja.

Jina lake Rigoberto Urquía, ila hupenda kuitwa Licenciado, kama kila mtu kwetu aliyewahi kupita mlango wa chuo. Alikuwa na suti ya kijivu na viatu vya ngozi visivyojua matope. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Doña Eulalia alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa tangu tunafungua mlango, mkoba mapajani, amekwishaomba ruhusa kazini kwa siku mbili.

Licenciado alizunguka ofisi mikono nyuma. Akagusa meza, akabonyeza feni, akachungulia dari. Doña Reina, aliyekuwa amekuja kuleta tamale, akammiminia kahawa.

"Safi sana!" akasema. "Don Anselmo, hongera. Nimepita vituo sita, kila mahali vilio tu. Hapa kumekamilika."

"Tunajitahidi, Licenciado," Don Anselmo akajibu akitazama sakafu.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe kuwapa habari." Akatoa barua kwenye mkoba. "Wizara imepitia fomu zenu za miaka mitano. Mahitaji hakuna, mahitaji hakuna, mahitaji hakuna. Basi kuanzia mwezi huu fungu lenu la matumizi ya ofisi limefutwa. Fedha zitaenda kwenye vituo vyenye shida. Nyinyi mmethibitisha mnaweza kujiendesha. Mtapewa cheti cha konsulati ya mfano."

Nilimtazama Don Anselmo. Lakini mwandiko ule ulikuwa wangu. Hakuna, hakuna, hakuna, kwa kalamu yangu mwenyewe, na herufi nzuri nilizojifunza kwa masista.

Nikatoka nyuma ya kioo.

"Licenciado, naomba utepe wa mashine ya hati. Leo. Mama huyu mwanawe anachomwa kesho saa sita."

"Utepe?" Akafikiri. "Utepe uko kwenye fungu la matumizi ya ofisi."

"Hilo mlilolifuta."

"Hilo."

"Basi turuhusu tuandike kwa mkono. Mochwari haijali, shirika la ndege halijali. Wanataka sahihi ya konsuli na muhuri wa kubana, basi."

"Dada, waraka unakataza hati za mkono. Ni suala la usalama wa nyaraka." Kisha akamgeukia Doña Eulalia, akainamisha kichwa kidogo. "Pole sana, mama." Na palepale akatazama saa yake.

Ile saa ndiyo iliyonimaliza. Angetukana ningevumilia.

"Jamani!" nikapaza sauti, na watu wote ukumbini wakageuka. "Mnasikia? Serikali inasema hatuna mahitaji. Inasema ofisi hii imekamilika na haitaleta tena hata msumari. Basi kila aliyeleta kitu humu aje akichukue. Sasa hivi! Nataka Licenciado aone serikali imeleta nini."

"Nohemí," Don Anselmo akanong'ona.

"Usininohemí! Doña Reina, kahawa ya nani hiyo?"

Doña Reina hahitaji kuchochewa mara mbili. Alimwendea Licenciado, akanyoosha mkono.

"Kikombe changu, baba."

"Sijamaliza, bibi."

"Nitakumalizia." Akakichukua, akaimwaga kahawa kwenye chungu cha maua, na chungu chenyewe akakipakata maana nacho kilikuwa chake.

Mtu mmoja alikimbia ng'ambo kumwita Don Fausto. Alikuja na aproni yake, nywele za mteja bado mabegani, na nyuma yake mteja mwenyewe kanyolewa upande mmoja, hataki kupitwa. "Viti vyangu nilivichoka kwa miaka ishirini," Don Fausto akatangaza, "lakini leo nimevikumbuka!" Wakavibeba viwiliviwili. Aliyeleta feni akachomoa feni. Mwenye balbu akasimama juu ya meza akafungua balbu, kisha mashemasi wa Pasta Obdulio wakaja kuichukua meza naye akiwa bado juu yake, watu wakaangua kicheko. Zulia likakunjwa, pazia likashuka. Niliwaona watu walioishi mji huu miaka kumi bila kumjibu askari wala msimamizi wakibeba vitu vyao wenyewe vichwa juu, na nilitaka kulia kwa ghadhabu na kwa furaha pia.

"Huu ni uharibifu wa mali ya serikali!" Licenciado akafoka.

"Mali ya serikali ile pale," nikamwonyesha. "Bendera, debe lisilo na utepe, na mzee wa fremu. Hakuna aliyeigusa. Tena muhuri huu hapa mkononi mwangu, nimeushika kwa sababu droo yake imeondoka."

Chumba kikabaki kitupu, sauti zetu zinarudi kutoka ukutani. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya Aprili inayopiga bila kupumzika. Kiti kimoja tu kilibaki, cha Doña Eulalia, kwa kuwa Don Fausto alikataa kumwinua. Licenciado, amelowa jasho, akamgeukia kwa kejeli.

"Na wewe mama? Wewe umeleta nini? Chukua chako tumalize mchezo huu."

Doña Eulalia akainuka taratibu. Akatazama juu.

"Paa," akasema.

"Nini?"

"Paa, bwana. Selvin alilitengeneza. Jumapili mbili, yeye na mwenzake mmoja, Pasta aliwaomba. Nilimwambia apumzike, wiki nzima yuko juu ya mapaa ya watu. Akaniambia, mama, pale ndipo tunapopatia hati zetu, zikilowa tutakuwa nani?" Akaning'iniza mkoba begani. "Mimi siwezi kulibeba."

Tulisikia mvua ikipiga juu yetu, na hapakuwa na tone hata moja lililoanguka. Kipupwe kile kwenye fomu niliandika, "Paa: limetengenezwa. Mahitaji: hakuna." Sikuuliza kalitengeneza nani. Miezi mitatu nimekaa chini ya kazi ya mikono ya Selvin, na wiki nne nimemwambia mama yake arudi kesho. Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma.

Don Anselmo akasogea ukutani. Alikuwa mtu wa kuogopa hata mlio wa simu, nimemjua hivyo, na sitamfanya shujaa. Akaishusha picha ya rais, akailaza kifudifudi juu ya ile mashine isiyo na utepe, ikawa meza.

"Nohemí, mwandiko wako ni mzuri. Andika."

Nikalaza karatasi ya hati nyuma ya rais, nikaandika. Jina kamili, siku aliyozaliwa, kijiji, chanzo cha kifo, namba ya jeneza, namba ya ndege. Doña Eulalia alisimama begani pangu akinisahihishia jina la kijiji.

"Ukiitia sahihi hiyo, Anselmo," Licenciado akasema polepole, "kesho uko kwenye ndege."

"Kesho saa mbili usiku kuna ndege ya Selvin," Don Anselmo akamjibu. "Nitampa kampani."

Akatia sahihi. Mimi nikabana muhuri kwa nguvu zangu zote mpaka kiganja kikapata alama.

Licenciado alikusanya mkoba wake. Alipofika mlangoni akasita, akarudi hatua mbili, akatoa karatasi yake. Posho yake ya safari hailipwi mpaka kituo alichokagua kigonge muhuri. Sitanii. Alininyooshea karatasi ile mbele ya watu wote, mbele ya mama wa marehemu.

"Gonga hapa, dada."

"Andika barua wizarani," nikamwambia. "Ya kwanza andika kwa adabu."

Doña Reina alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mkaguzi akatoka mvuani bila mwavuli, kwa sababu mwavuli wa mlangoni ulikuwa wa Pasta.

Selvin alitoka mochwari Ijumaa saa nne asubuhi. Jumapili akazikwa kando ya baba yake, mwili mzima. Don Anselmo hawakumwita kesho yake, serikali yetu haina haraka hata kwa visasi. Walimwita baada ya wiki tatu, na nasikia anahesabu katoni pamoja na mtangulizi wake. Mimi ni mwajiriwa wa hapahapa na nafuu kwao kuliko kuleta mtu mwingine, basi bado niko dirishani. Nimesimama. Don Fausto anataka kurudisha viti, nimemkatalia, na watu wanaosubiri wamesimama pamoja nami na hawajalalamika.

Jana ilikuwa mwisho wa mwezi. Fomu ilinikuta peke yangu, hakuna konsuli wa kuniambia niandike nini. Nilijaza mistari yote kumi, nikageuza nyuma, nikaendelea. Viti, hakuna. Meza, hakuna. Taa, hakuna. Utepe, hakuna, barua nne. Nilipofika kwenye paa nikaacha kalamu kidogo, kisha nikaandika kwamba paa ni zima, halivuji, ni mali ya Selvin, na nikaandika jina la kijiji chake na safu ya kaburi. Wizara ikitaka kumshukuru, inajua pa kumpata.